Mwambie Mtoto Yako

Mwezi uliopita nilikwenda Lushoto kwenye msiba wa mama wa shoga yangu. Sisi watu wa Tanga mjini tukipanda Lushoto tunajifanya hatuijui baridi. Nilivaa kitenge na blauzi nyepesi, basi. Mvua ikatukuta tunatoka makaburini. Nikatetemeka mpaka meno yakagongana, na mama mmoja mwenyeji akanihurumia, akanivisha sweta lake la sufu ambalo nalo lilikuwa limeshalowa. Jamani, ile harufu! Sufu mbichi, moshi wa kuni umeingia ndani yake, na kwa mbali jasho la mtu mzima. Nilisimama pale njiani watu wananipita, nikawa na miaka minane tena, niko Gatitu, Nyeri, nyuma ya ua wa michongoma, na nimeolewa.

Ngoja nieleze, msije mkaniitia polisi.

Baba yangu ni Mkikuyu wa Gatitu, pale pembeni ya mji wa Nyeri. Mama ni Mbondei wa Muheza. Walikutana Mombasa, ambako Baba alikuwa fundi wa malori na Mama alikuwa amekwenda kumwuguza shangazi yake, na yaliyofuata ninyi watu wazima mnayajua. Baba akampeleka Mama kwao, wakakaa Gatitu kwa wazazi wake, na mimi nikazaliwa huko. Mama yake Baba ndiye aliyenipokea na ndiye aliyeniogesha, na jina lake ndilo nililopewa, Wairimu. Nilipofikisha miaka miwili Baba akapata kazi kwenye kiwanda cha mkonge huku Tanga, tukahama. Mpango ulikuwa kurudi Nyeri kila Krismasi. Tulirudi Krismasi ngapi? Hata moja. Mpaka ulifungwa.

Wa rika langu mnaikumbuka miaka ile. Sabuni ya foleni, sukari ya foleni, na Kenya iko palepale ng'ambo ya Horohoro, redio yao tunaisikia vizuri kuliko yetu, ila kwenda huendi. Mimi Kenya nilikuwa siikumbuki hata kidogo. Nilichobaki nacho ni jina, na jina lenyewe lilinitesa. Siku ya kwanza shuleni mwalimu aliniuliza, "Unaitwa nani?" Nikasema, "Wairimu." Akasema, "Mwalimu ni mimi. Nakuuliza wewe." Darasa zima likaangua kicheko, na mpaka namaliza la saba niliitwa Mwalimu, hata na muuza barafu. Nyumbani Mama aliniita Wairi. Baba alikuwa na neno lake la Kikuyu, "maitu". Maitu, niletee maji. Maitu, umekula? Nilijua ni neno la kubembeleza, kama sisi tunavyosema kipenzi. Sikuwahi kuuliza, na hakuna aliyenieleza.

Halafu ikaja barua kutoka Nyeri. Ilikuwa imezunguka nchi sijui ngapi, bahasha imechoka, mihuri imepandana. Baba aliisomea mlangoni, akiwa bado ameshika baiskeli. Alipomaliza aliiachia baiskeli ikaanguka chini kwa kishindo, naye akaketi kizingitini, mahali ambapo Mama alikuwa anatukataza kukaa, na Mama hakusema kitu. Mama yake amefariki. Kwa hesabu ya Mama, siku barua inatufikia marehemu alikuwa ameshakaa kaburini miezi mitano. Baba aliandika jibu usiku uleule, nalo likaenda kuzunguka zile nchi zake. Halikujibiwa.

Mpaka ulipofunguliwa, Baba aliomba likizo ya wiki mbili. Mama akashona nguo, akaoka visheti, akanishonea na mwanasesere wa vitambaa vya kanga ili nisimsumbue njiani. Nikamwita Mwanaidi. Safari sitaisimulia, kwa sababu nilitapika kutoka Mombasa mpaka Nairobi na sina la maana nililoliona.

Tulifika Gatitu saa za jioni, jua lipo lakini halina faida yoyote. Baridi ile! Niliuliza kama tumefika Ulaya. Ua ulikuwa wa michongoma iliyokatwa vizuri, wao wanaiita kayaba, na ndani yake nyumba ya mbao yenye paa la bati, jiko la kando linatoa moshi, na nyuma migomba na mikahawa inateremka mpaka mtoni. Dada yake Baba, Tata Njeri, alitoka jikoni mbio, kijiko mkononi, akatukumbatia wote watatu kwa pamoja analia na kucheka. Huko shangazi ndiyo anaitwa tata.

Na nje ya jiko, kwenye kigoda, alikuwa amekaa mzee mrefu mwembamba, koti la kijeshi la zamani, kofia ya sufu, fimbo katikati ya magoti. Babu yangu. Guka, kama wanavyosema wenyewe. Baba aliweka masanduku chini, akaenda, akainama, akanyoosha mkono.

Mkono ukabaki hewani. Mzee alimpita kwa macho kama anayetazama nani anakuja barabarani. Kisha akaniona mimi. Uso wote ukafunguka, akanyoosha mikono miwili, akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini, "Bibi yangu! Bibi yangu umerudi!"

Sasa hapa mnielewe. Kwetu Tanga bibi ni mama wa mama yako, mama wa baba yako, mwanamke mzee. Mimi nina miaka minane. Nikafikiri, masikini, babu yangu haoni. Lakini nilikuwa nimefunzwa adabu, basi nikapiga goti. "Shikamoo, babu. Mimi siyo bibi yako. Mimi ni mjukuu wako."

Shikamoo yangu haikuitikiwa, maana kule hawana habari nayo. Alicheka mpaka akakohoa, Tata Njeri akaja kumpigapiga mgongo. "Haiya! Hii bibi yangu bado iko na mdomo," akasema. "Hata kaburi haikumaliza hiyo mdomo."

Mama naye alikuwa anacheka, kiganja mdomoni. Baba hakucheka. Aliurudisha mkono wake taratibu, akaokota masanduku, akaingia ndani.

Jioni ile Tata Njeri aliona natetemeka, akafungua kasha akatoa sweta kubwa la sufu la rangi ya kahawia, akanivisha na kunikunjia mikono yake mara nne. Lilinifika magotini. Lilikuwa la marehemu. Sikulivua wiki mbili nzima, kwenye mvua na kwenye moshi, ndiyo maana pua yangu haijalisahau hadi leo.

Kesho yake asubuhi Guka aliniita nje. Alikuwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba kuna mbuzi jike mweupe. "Hii ni yako, bibi," akasema, akanipa kamba.

Nikamkimbilia Tata Njeri jikoni kumwuliza kwa nini babu ananiita bibi wakati mimi ni mtoto. Alikuwa anamenya viazi, wala hakuinua kichwa. "Bibi si ni mke? Wewe ni mke wake."

Mke! Kumbe huku bibi ni mke! Nikaunganisha mambo haraka sana, kama watoto wanavyounganisha. Mbuzi nilimjua, mbuzi ni mahari, kaka wa Mama alipooa nilimwona akitoa wawili. "Umerudi" nayo nikaielewa, mke karudi kwa mumewe. Na baba yangu alikuwa amekosana na mzee, hilo nililiona kwa macho yangu jana. Basi wamekuja kumaliza ugomvi kwa kuniozesha. Nilipiga yowe moja lililomtoa Mama chumbani na kanga moja kifuani. "Msiniache! Mbuzi mrudishieni! Nitaosha vyombo kila siku!"

Mama alipoelewa alicheka mpaka akakaa chini kwenye magunzi. Ndipo Tata Njeri, naye anafuta machozi ya kicheko, akanikalisha mapajani akanieleza. "Sikiza. Hapa kwetu mtoto akipewa jina ya mtu, yeye ndiye huyo mtu. Wewe uko na jina ya cucu yako, mama ya baba yako. Kwa hivyo wewe ni Wairimu mwenyewe, umerudi. Si ati anakuoa. Anakuheshimu. Na hiyo mbuzi ni ya kukukaribisha, si ya kukununua."

"Sitalala kwake?"

"Utalala kwa mama yako. Ai, huyu mtoto!"

Nikatulia. Kuwa mke kwa namna ile, bila kupika wala kufua, niliona si kitu kibaya. Nilimwita mbuzi wangu Krismasi, nikaanza kutembea uani kwa maringo.

Lakini ugomvi nilikuwa nimeuona sawasawa. Guka hakuwa anaongea na Baba. Si kwamba alimkaripia, la. Alikuwa hamwoni. Wakikutana mlangoni, mzee anasimama kando kama anapisha upepo. Akiulizwa jambo na Baba, anachukua ugoro wake, anautia puani, anageukia mikahawa. Akitaka kitu, anakuja kwangu.

"Bibi," alisema siku ya tatu, mchana, chakula kimeiva. "Mwambie mtoto yako akuje akule."

Nikaitikia, nikakimbia ndani, nikamchukua Mwanaidi kitandani, nikamfuta uso, nikaja kumkalisha mezani mbele ya sahani ya githeri, makande ya kwao. Nikamwambia Guka, "Ameshakuja."

Mzee alimtazama Mwanaidi. Mwanaidi alikuwa na jicho moja la kifungo, la pili lilipotelea Nairobi. "Huyu ni nani?"

"Ndiye mtoto wangu."

Tata Njeri alitoka nje mbio na sufuria mkononi, tukamsikia huko anacheka kwa kujiminya. Mama akainamia sahani. Guka mwenyewe midomo ilimcheza lakini alijikaza. "Huyu mkubwa," akasema, na kwa fimbo akaonyesha mlangoni, ambako baba yangu, fundi wa mitambo, mtu wa kilo themanini, alikuwa amesimama anangoja kukaribishwa mezani kwa mama yake. "Huyo ndiye mtoto yako. Mwambie akule."

Niligeuka nikamtazama Baba. Na Baba akanitazama, akajilazimisha kutabasamu, akasema polepole, "Maitu, nimesikia."

Nilimwuliza Tata Njeri baadaye, tunaosha vyombo. Tata, maitu maana yake nini? Akashangaa kwamba nimeishi miaka minane bila kujua. Maitu ni mama yangu. Mtu anamwita mama yake hivyo. Nilisimama na sahani inanidondoshea maji miguuni. Kumbe miaka yote ile, niletee maji, umekula, usiende mbali, baba yangu alikuwa ananiita mama. Na siku ile ya barua, jioni, alikuwa amekuja akakaa kitandani kwangu akasema neno lile mara tatu au nne, maitu, maitu, nami nikamjibu kwa uvivu, "Bee, nina usingizi." Sikujua alikuwa anamwita nani. Hilo hadi leo nikilikumbuka roho inaniuma, ingawa nilikuwa mtoto na sikuwa na kosa.

Basi nikaichukua kazi yangu. Watoto wanapenda cheo, na mimi nilipewa viwili kwa mpigo, mke na mama. "Mwanangu, Guka anasema ng'ombe hajapewa maji." "Mwanangu, Guka anasema umepaki baiskeli ya watu vibaya." Mama alikuwa anakufa kwa kicheko. Tena alizidi kuichezea ile lugha yao, akienda mjini ananiuliza, "Mtoto yako anataka kitu gani kutoka dukani?" Mjini Nyeri ndiko nilikomwona Mama ameshika mche wa sabuni dukani, amefumba macho ananusa, na mwenye duka, mzee mmoja wa kanzu, anamwambia kwa Kiswahili kizuri kama cha kwetu, "Nusa tu mwanangu, kunusa ni bure." Alinunua miche kumi na miwili.

Ila si kila ujumbe ulikuwa wa kuchekesha. Siku moja Baba alinichuchumalia kwenye mikahawa, akanishika mabega. "Kamwambie Guka hivi. Barua ilinifikia mahindi yameshavunwa. Mama alikuwa ameshazikwa zamani. Na mimi niliandika jibu." Nikaenda nikasema neno kwa neno. Guka alinisikiliza, akanusa ugoro, akafikiri.

"Mwambie mtoto yako," akasema, "sisi tuliweka mwili siku nne. Siku nne! Watu wanauliza, huyu tunamngoja nani? Nasema, namngoja kijana wangu. Na mwambie hiyo miaka yote mpaka imefungwa, watu wa Taveta walikuwa wanapita porini na mbuzi zao. Mbuzi ilipita. Yeye hakupita."

Nikarudi nikasema neno kwa neno, mbuzi na yote. Baba alisikiliza, akakata tawi la mkahawa, akakata lingine, hakunituma tena.

Alifanya kazi kama kibarua, baba yangu. Alitengeneza mifereji ya bati, akapogoa mikahawa shamba zima, akafungua pampu ya maji iliyokufa tangu marehemu yupo, akaifunga, ikapiga. Alikuwa ananionyesha Mlima Kenya kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, na kila asubuhi alichonionyesha ni wingu, nikaamini kuwa Mlima Kenya ni jina la wingu. Akimaliza kazi na kuondoka, Guka anakwenda kukagua. Nilimwona anapitisha kidole kwenye mfereji. Nilimwona anaishika ile pampu na kuitazama sana. Halafu anarudi kwenye kigoda na uso wake uleule.

Na jambo kubwa lilikuwa kaburi. Lilikuwa kule chini, mwisho wa mikahawa, tuliliona tukipita kwenda mtoni, msalaba wa mbao na majani yamesimama. Mama alimwambia Baba twende tukaliangalie. Nilikuwa nachezea majini hapo karibu, wakanisahau. Baba akasema, "Siendi mpaka anipeleke. Mtu haendi kwa mama yake kwa kujificha kama mwizi wa kahawa." Mama akamwuliza, na asipokupeleka? Baba akasema, "Basi tukiondoka hapa, mimi sitarudi tena. Nitarudi kwa nani? Mama sikumzika, na baba hanioni." Mama yangu mcheshi, nilimwona anamshika baba yangu mkono kwa mikono yake miwili, na hakuwa na mzaha wowote siku ile.

Hapo ndipo niliogopa kwa kweli. Nilikuwa nimempenda Guka. Nilimpenda na ugoro wake na makohozi yake, na alivyokuwa ananiwekea kiazi kitamu kwenye majivu ili kiwe changu peke yangu. Nikajua siku zikiisha, sitamwona tena, na Krismasi wangu simwoni tena, na baba yangu atarudi Tanga akiwa hana baba. Nikahesabu kwa vidole. Zilibaki siku tano. Kisha tatu. Kisha ikawa kesho.

Siku hiyo ya mwisho kulinyesha tangu asubuhi. Tulikuwa jikoni sote tunaota moto, isipokuwa Baba, ambaye alikuwa barazani anafunga masanduku kwa kamba. Mlango ulikuwa wazi, hatua sita hazifiki kutoka alipo hadi kigodani kwa mzee. Mimi nilikuwa nimetumwa tangu alfajiri. Mwambie mtoto yako kamba iko stoo. Mwambie mtoto yako gari ya Nairobi inatoka saa mbili. Na kila nikitoka nalowa, sweta limekuwa zito linanivuta chini, pua inachuruzika.

Guka akapiga chafya, akafuta mkono kwenye koti. "Bibi. Mwambie mtoto yako kesho aende salama."

Sijui ilitoka wapi. Pengine ni uchovu tu. Nilipiga mguu chini. "Sitaki!"

"Ati nini?"

"Sitaki! Nimechoka kutumwa! Kila siku mtoto yako, mtoto yako. Kama mimi ni bibi yako, na yule ni mtoto wangu, si na wewe ndiyo baba yake? Nimemzaa peke yangu? Mwambie mwenyewe!"

Tata Njeri aliachia mwiko chunguni. Mama akanivuta sweta, "Wairi! Adabu iko wapi!" Lakini nilikuwa nimeshaanza kulia na mtoto akishaanza hana breki. "Mtoto ni wetu sote," nikasema. "Mimi nikienda zangu, nani atamwambia?"

Barazani Baba alikuwa ameacha kufunga kamba. Nikasubiri fimbo. Ilikuwa palepale katikati ya magoti, na Tata Njeri alishaniambia kuwa zamani haikuwa na mchezo.

Guka alinitazama muda mrefu. Macho yalikuwa yamejaa maji, na si moshi, maana moshi ulikuwa unakwenda upande wa Mama. "Njeri," akasema. "Umesikia huyu?"

"Nimesikia, baba."

"Si ndivyo alikuwa ananiambia? Nikikasirikia hawa watoto. Ati, kwani nilizaa peke yangu."

"Ndivyo alikuwa anasema," Tata Njeri akajibu, anautafuta mwiko chunguni.

Mzee akashika fimbo akasimama. Alisimama kwa vipande vipande, goti moja, kisha la pili, kisha mgongo. Akaenda mlangoni. Akaegemea mwimo.

"Ndirangu," akasema.

Wiki mbili nilikuwa sijasikia jina la baba yangu likitajwa na mzee yule. Baba alisimama wima, kama mwanafunzi. "Baba."

"Kwa nini hukupita porini?"

Nilimwona baba yangu anafungua mdomo kutaja barua, kisha akaufunga. Akatazama chini. "Niliogopa, baba. Wangenikamata. Nilikuwa na huyu mtoto mdogo na mama yake, hawana mtu mwingine. Niliogopa, ndiyo maana."

"Eeh." Guka akatikisa kichwa. "Kuogopa mimi najua. Nilikuwa vitani, niliogopa miaka minne. Hiyo ungesema siku ya kwanza. Lakini wewe unanitumia barua, barua. Barua mimi nitazika nayo nani?"

Baba alikuwa analia waziwazi, mikono imening'inia, mvua ya barazani inamrukia viatuni. Mzee akatazama nje, akatazama mawingu, akakohoa.

"Chukua jembe," akasema. "Kwa mama yako kumeota nyasi."

Nilitaka kuwafuata, Mama akanishika. Tuliwatazama kutoka mlangoni wanateremka katikati ya mikahawa, mzee mbele na fimbo, Baba nyuma na jembe begani, mvua inawapiga wote wawili. Walipofika kaburini Baba alianza kulima palepale. Guka kwanza alisimama tu, kisha akainama naye, akawa anang'oa majani kwa mkono. Walikaa kule mpaka viazi vikaiva vikapoa. Tata Njeri alikuwa anaimba kwa pumzi, wimbo wa kanisani, na Mama ambaye hajui Kikuyu anamwitikia vivyo hivyo.

Kisha tukasikia sauti. Sauti ya Guka, juu kabisa, inapanda na mlima. Mama akanishika kwa nguvu akasema, Mungu wangu, wamegombana tena. Wakatokea. Baba amelowa, matope hadi kwenye mapaja, na mzee nyuma yake anamchapa maneno bila kupumua. Ati nani alimfundisha kupogoa kahawa namna ile, amekata kama anayekatia ng'ombe majani! Ati pampu amefunga vizuri lakini kelele yake itaamsha wafu! Ati amekonda, kwani huko Tanga hawali? Ati mtoto wa miaka minane hajui Kikuyu hata neno moja, amemlea namna gani? Ati likizo ya wiki mbili ni ya nini, mtu anakaa miaka sita halafu anakuja na wiki mbili?

"Ndiyo, baba," Baba alikuwa anasema. "Ndiyo, baba. Kweli, baba." Na meno yote yako nje. Nimeona watu wengi wakifurahi tangu siku ile, nimeona harusi na ubatizo na watu walioshinda kesi. Sijaona tena mtu anayefurahia kugombezwa kama baba yangu alivyofurahia akipanda ule mlima. Na kila alipoitikia, Guka alikuwa anapata kosa lingine.